Kikohozi Nilichotoka Nacho Geti la Machame

Mpagazi anayekohoa hapandi Kilimanjaro. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyoijua kazini, na hakuna aliyenifundisha. Asubuhi pale Geti la Machame tunapanga mstari na mizigo yetu, kiongozi mkuu anapita akitutazama mmoja mmoja, na ukikohoa mbele yake mzigo wako anapewa mwingine, nawe unarudi nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo kila mpagazi ana tangawizi mfukoni. Unaitafuna, unabana pumzi, unatabasamu. Ukizidiwa, unautupa mzigo chini kwa kishindo na kukohoa ndani ya kishindo hicho hicho. Nilifanya kazi ile miaka tisa, na nasema bila majivuno kwamba katika ufundi wa kukohoa bila kusikika sijakutana na aliyenizidi.

Naandika haya kwa sababu Sista, yaani muuguzi, wa kliniki yetu hapa Durban ameniomba. Anasema wanakuja watu wengi wanaozungumza Kiswahili, wanakaa kwenye benchi na nyuso za watu waliokuja kusindikiza wengine, na labda wakisoma habari za mwenzao watalegea kidogo. Sitaeleza dawa inafanya nini ndani ya mapafu maana sijui. Nitaeleza niliyoyaona, na mengi yake ni ya aibu.

Naitwa Aminieli, lakini hapa mtaa wa Umbilo naitwa Baba Neema. Natengeneza simu. Mke wangu, Mama Neema, ni mtu wa Bukavu, Kongo, anafanya kazi ya nywele kwenye saluni iliyo mlango wa pili kutoka dukani kwetu. Neema mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka minne.

Yote yalianza na kioo cha simu kilichopasuka. Aliyeileta simu ni Mista Pillay, daktari wa meno mstaafu, Mhindi wa hapa hapa Durban, ambaye hakuigusa theluji mpaka alipofika miaka hamsini, na alipoigusa akili ikamruka. Kila mwaka mwezi wa Juni, sisi tukiwa kwenye baridi ya Durban, ambayo mtu wa Machame hawezi kuiita baridi bila kucheka, yeye hupanda ndege kwenda nchi ambako wakati huo ni kiangazi. Huko iko milima ya volkano ambayo theluji yake haiishi hata jua liwe kali namna gani. Anaipanda akiwa amefunga mgongoni ski, zile mbao mbili ndefu za kutelezea, halafu anashuka nazo akipiga kelele.

Alinieleza siku hiyo hiyo, nikiwa bado nafungua skrubu. Theluji ya kiangazi, alisema, ndiyo tamu kuliko zote. Alfajiri ni ngumu kama sakafu, unaipanda na meno ya chuma chini ya viatu. Ukifika juu unakaa, unasubiri. Jua linapoipata, kama saa nne hivi, inalegea juu juu na kuwa chembechembe, mfano wa unga wa dona. Hapo ndipo unashuka. Ukiwahi unavunjika miguu, ukichelewa unazama.

Nikamwambia niliwahi kubeba ski za mteja mpaka kambi ya Barafu, mita elfu nne na mia sita. Akaacha kuitazama simu yake.

"Na juu? Juu ulionaje?"

Hapo nilimwambia ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu Durban nzima. Wapagazi tunaishia Barafu. Mteja anapanda kileleni na kiongozi wake, sisi tunabaki tukimenya viazi vya supu. Miaka tisa nimelala chini ya theluji ya kilele cha Kibo na sijaikanyaga hata siku moja. Zile ski ziliporudi zilikuwa na theluji kidogo kwenye ncha, nikaifuta kwa kiganja, ikawa maji kabla sijaiona vizuri. Kila mtu hapa Umbilo, akisikia natoka Kilimanjaro, anadhani nimekiona kilele. Sikuwahi kumkatalia.

"Januari," alisema Mista Pillay. "Mimi na wewe. Hubebi kitu changu hata kimoja. Unapanda mpaka juu, unasimama kwenye theluji, unaniangalia nikianguka."

Nililia kidogo nyuma ya kaunta. Nikasingizia vumbi la simu.

Tukaanza mazoezi. Jumamosi tunapanda barabara za Berea zile zilizosimama wima, yeye na mikongojo yake ya ski, mimi na begi la chupa za maji. Na mwezi wa Agosti nikaanza kukohoa.

Sasa sikiliza kosa la mpagazi. Mtu mwingine akikohoa wiki tatu anajiuliza ana ugonjwa gani. Mimi nilijiuliza tu nani amenisikia. Nilinunua tangawizi. Nyumbani nilikohoa bafuni bomba likiwa wazi, hadi jirani wa ghorofa ya chini akamwambia mke wangu ana bahati kupata mwanamume msafi namna ile. Mchana, kikohozi kikinijia, nilikuwa natoka dukani haraka na kuingia saluni kumsalimia Mama Neema wakati drayer ya kukaushia nywele imewashwa. Mashine ile inanguruma kweli kweli. Wenzake wakamwambia, "Huyu bwana anakupenda." Na yeye, maskini, akaamini.

Lakini mahali pazuri kuliko pote palikuwa kanisani kwao. Mimi ni Mlutheri wa Machame, nimezoea ibada ya watu waliokaa kimya. Kanisa la Wakongomani lina spika mbili kubwa kuliko friji. Pale unaweza kukohoa mpaka ushibe. Nilianza kwenda kila Jumapili, halafu na Jumatano, halafu na kwenye maombi ya Ijumaa. Kwaya ikipanda juu, mimi nainama na kukohoa kwa raha zangu, mabega yakitetemeka, machozi yakitoka. Watu waliniwekea mikono kichwani. Mke wangu aliandika kwa mama yake Bukavu kwamba Bwana amenigusa.

Oktoba suruali zilikuwa zinanishuka, na mkanda nilikuwa nimeutoboa matundu mapya mawili kwa bisibisi ya dukani. Shuka nilizilowanisha jasho, nikasema ni joto la Durban. Mista Pillay aliuliza mbona napanda polepole, nikamwambia ndivyo tunavyopanda Kilimanjaro, na yeye akaandika kwenye daftari lake kama siri ya wataalamu.

Jumapili moja kwaya ilikuwa katikati ya wimbo, mimi nikiwa nimeinama katikati ya kikohozi, umeme ukakatika. Spika zikafa mara moja. Kanisa zima likanyamaza, isipokuwa mimi. Kikohozi kikishafika pale hakirudi, ni lazima kitoke chote. Kilitoka. Kiliendelea hata Pasta akapata nafasi ya kusema "Bwana asifiwe," na wachache wakajibu, na bado nilikuwa naendelea. Nilipoinua uso, Mama Neema alikuwa amegeuka kule kwenye mstari wa kwaya, ananitazama, na nilijua kwamba amekwisha kuhesabu yote: bomba, drayer, maombi ya Ijumaa.

Alinikuta mlangoni.

"Baba Neema, uko nakohoa tangu wakati gani?"

"Tangu asubuhi."

"Minakuuliza mara ya pili."

"Tangu Agosti."

Hakupiga kelele. Alimtoa Neema mkononi mwangu, akambeba yeye. Nimepigwa na mvua ya mawe kule kambi ya Shira nikiwa na gunia la mkaa kichwani, na haikuniuma hivyo.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kliniki. Benchi la kliniki lina utaratibu wake: wa mbele akiitwa, wote mnasogea tako moja. Wote tumevaa barakoa, madirisha wazi, na bibi mmoja Mzulu kando yangu alikuwa akinisukuma kwa kiwiko kila zamu yangu ya kusogea ilipofika, kwa sababu nilikuwa nasogea nyuma.

Sista alinipima uzito kwanza. Kule getini wanapima mzigo, usizidi kilo ishirini. Hapa mzigo ulikuwa mimi, na ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Kisha akanipa kikopo chenye mfuniko, akanitoa nje kwenye kibanda kisicho na ukuta.

"Cough, baba. Kohoa itoke chini kabisa, uteme humu."

Nikasimama na kikopo changu. Hakikuja kitu. Miaka tisa nilijifunza kukizuia, na sasa mtu mwenye sare, mwenye madaraka, anasimama mbele yangu akinisihi nikohoe. Mwili wote ulikataa. Nilitabasamu hata. Sista akaniangalia, akamwangalia Mama Neema aliyesimama uani.

"Eish, mama, huyu ana nini?"

"Iko na haya," alisema mke wangu. Akatoa simu yake, akaweka ule wimbo wa kwaya kwa sauti ya mwisho. Nikakohoa vizuri sana.

Majibu yalikuwa kifua kikuu. Mama Neema na Mista Pillay walipimwa, wakawa wazima. Mista Pillay alikuwa amekaa na mimi kwenye gari lake Jumamosi zote zile, vioo vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Nilitegemea atanitukana, na ningemshukuru. Alisema tu, "Daktari mzima nimekaa na kikohozi miezi miwili nikaandika daftarini kwamba ni mbinu." Januari yetu ikafutwa. Yeye alikuwa na miaka sitini na sita, na katika umri huo mwaka mmoja wa kusubiri si kitu cha kumpa mtu bure.

Neema hakuwa mgonjwa, lakini kwa kuwa ni mtoto mdogo aliyelala chumba kimoja na mimi, ilibidi ameze dawa za kinga. Hilo ndilo lililonivunja. Kila asubuhi alikuwa anasimama kando yangu na kidonge chake kilichoyeyushwa kwenye kijiko, ananiambia, "Baba, tumeze pamoja, usilie." Nilimeza kwa sababu yake. Sikuwa na njia ya kumweleza kwamba anakunywa uchungu ule kwa sababu baba yake aliona aibu.

Na mke wangu akaacha kusema nami. Yaani aliniangalia, alinipikia, alinifulia, ila maneno yote yalipita kwa Neema. "Neema, ambia baba yako bouillie iko tayari," yaani uji. "Neema, ambia baba yako leo anaenda kuonekana na Sista." Mimi nikiwa kwenye kochi la dirishani, hatua mbili kutoka kwake. Neema alikuwa anazitembea hatua zote mbili, anafikisha ujumbe neno kwa neno, anarudi na jibu. Wakati mwingine aliongeza lake, kwamba baba anasema anataka biskuti.

Dawa ni miezi sita. Nikachukua kalenda ya dukani, nikaigawa kama kambi za njia ya Machame: mwezi wa kwanza Geti, wa pili Machame, wa tatu Shira, wa nne Barranco, wa tano Karanga, wa sita Barafu. Kwenye Geti vidonge vilikuwa vinne kwa mpigo, vikubwa, na mkojo ukawa rangi ya juisi ya karoti. Hakuna aliyenionya kuhusu mkojo, kwa hiyo nakuonya wewe. Mimi nilidhani ninakufa, nikamwita Neema amwite mama yake. Mama Neema akaja, akatazama, akasema kwa Neema, "Ambia baba yako Sista alisema. Yeye alikuwa anaangalia dirisha." Viungo viliuma, kichefuchefu kilinikuta asubuhi, na nilinuka dawa hata kwenye jasho. Halafu, wiki ya tatu au ya nne hivi, njaa ikaja. Nilikula cha kwangu, nikala mabaki ya Neema, nikaanza kuutazama ugali wa mke wangu kwa namna ambayo haikuhitaji mjumbe.

Mwisho wa mwezi wa pili kipimo kilionyesha makohozi yangu ni safi. Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi, Durban inaungua kwa joto. Tulirudi nyumbani, Mama Neema akachota nusu ya sahani yake, akaiweka kwenye yangu.

"Kula," alisema. Akanisemesha mimi, si Neema. Neema alituangalia kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Mambo hayakurudi yote siku hiyo. Kwa miezi mingi bomba la bafuni likikaa wazi kidogo, nilisikia ngumi mlangoni. "Baba Neema! Funga maji nisikie." Nami nilikuwa nafunga, nasimama kimya na mswaki mdomoni, yeye upande ule anasikiliza mapafu yangu kupitia mbao. Alinisamehe ugonjwa tangu siku ya kwanza. Ule ufundi wangu ndio alioshindwa kuusamehe. "Mais ulikuwa nacheka," aliniambia mara moja, kwa lile "lakini" lake la Kifaransa. "Ulikuwa nakuja saluni, nacheka na mimi, na ilikuwa uongo."

Nikiwa Barranco kwa kalenda yangu, Mista Pillay alianza kunitoa tena. Siku hizo hatukupanda. Tulitembea kando ya bahari, yeye amevaa ski fupi zenye magurudumu na kofia ya theluji, mimi nashika mikongojo. Watu walisimama kutuangalia. Kijana mmoja aliyebeba ubao wa mawimbi akauliza, "Madala, mzee wangu, snow iko wapi?" Mista Pillay akamwonyesha kwa mkongojo upande wa kaskazini. "Straight, my friend. Ukifika Tanzania, uliza."

Mwisho wa Aprili, miti ya Umbilo ikianza kupukutisha, nilimeza kidonge cha mwisho. Neema alikwisha kumaliza vyake zamani na alikuwa akinidharau kidogo.

Januari iliyofuata tulikwenda. Mama Neema alinifungia begi mwenyewe, akalikagua kila mfuko. "Ukikohoa unasema," alisema. "Sitaki kilele. Nataka useme." Nikaapa.

Kiongozi wetu mkuu alikuwa mwanamke anayeitwa Ndeshi, mtu mzima mwenye sauti ya mwalimu na daftari la kila jioni: umekula, umekunywa, umepata choo, kichwa, kikohozi. Na yeye huwauliza hata wapagazi, jambo ambalo enzi zetu halikuwapo. Nilitembea bila mzigo. Siku ya kwanza nilikuwa nageuka kila mara kutafuta nilichosahau.

Shira salama, Barranco salama, Karanga salama. Kibo kilikuwa cheupe kuliko nilivyowahi kukiona, mvua za Novemba zilikuwa zimekijaza. Mista Pillay alikitazama kwa darubini akinung'unika kwa furaha. "Unga wa dona," alisema. "Saa nne asubuhi, Aminieli. Utauona."

Tulifika Barafu mchana. Saa tisa nikakohoa.

Nilikuwa nyuma ya choo, na kabla sijafikiri lolote miguu ilikuwa imekwisha kunipeleka karibu na jiko la mpishi, linalovuma likiwashwa. Nikakohoa ndani ya uvumi ule, vizuri, kistadi. Mkono ukaingia mfukoni ukatoka na tangawizi. Nilikuwa nimeinunua sokoni Moshi, nikijiambia ni ya chai. Nikasimama nayo. Kilele kiko pale juu, naweza kukionyesha kwa kidole. Ulikuwa umebaki mstari mmoja tu wa ukaguzi, nao nilikuwa najua namna ya kuuvuka tangu ujana.

Ndeshi akaja na daftari. Kula, nimekula. Choo, nimepata. Kichwa, kizuri.

"Kikohozi?"

Mdomo ulikuwa tayari na "hakuna." Nililisikia neno kabisa likija.

"Kipo," nikasema. "Na nimekificha sasa hivi pale jikoni. Na mwaka juzi niliugua kifua."

Alinibana kidole na kile kidude cha kupima hewa, akaniwekea sikio mgongoni, akakunja daftari. "Unashuka leo hii," alisema. "Pole sana, kaka." Mista Pillay alisimama mbele yangu na ski zake mkononi, akanishika bega kwa nguvu kama ananing'oa jino.

Habari zake nizimalize hapa kwa kuwa ni fupi. Alifika juu kesho yake, akasubiri mpaka theluji ilegee, akapiga kona nne safi, ya tano akaanguka na kuteleza kwa makalio mpaka miguuni pa Ndeshi. Ninayo picha. Na daktari aliyenipima Moshi alisema mapafu yangu ni mazima, kilikuwa kikohozi cha vumbi na baridi kavu tu. Huenda ningefika. Iliniuma nilipoambiwa, na ninaposhika simu yenye mlima kwenye kioo huniuma tena.

Lakini pale Barafu, kabla sijashuka, nilipata mtandao, nikampigia Mama Neema. Alikuwa kazini. Drayer ilikuwa inanguruma nyuma yake.

"Mama Neema. Nimekohoa."

"Nani amekusikia?"

"Hakuna. Nimesema mwenyewe."

Nikasikia drayer ikizimwa. Mteja wake akalalamika, akaambiwa angoje.

"Kohoa nisikie," alisema.

Nikasimama katikati ya kambi, wapagazi wote wakinitazama, kilele juu ya kichwa changu, nikakohoa kwenye simu bila kuzuia kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Iko kavu," alisema. "Ile ingine haikuwa kavu." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile aliyokuwa akinisemesha nayo kabla ya Agosti ile. "Aksanti, Baba Neema. Ukuje nyumbani."

Nikampa mpishi tangawizi, aitie kwenye chai ya wote. Nikashuka.